Hesabu Isiyo na Safari ya Kurudi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza, na Meneja ameniletea Mzee. Sijui kipi kitakiharibu zaidi kituo chetu cha redio.

Alinitangazia kikaoni, mbele za watu, ili nikose pa kutokea. Kuanzia Alhamisi hii, saa nne asubuhi, tutakuwa na kipindi kipya, "Majirani wa Mbali". Kitahusu viumbe wenye akili huko kwenye nyota: kama wapo, na kama wapo, kwa nini hawajatufikia. Mgeni wa kudumu ni mtaalamu mstaafu wa elimu ya nyota. Akalitaja jina, na meza nzima ikanigeukia, maana ndilo jina la ukoo la binti yangu.

Ni baba wa aliyekuwa mume wangu. Mwanawe alikwenda ng'ambo kusoma, akapata kazi, akapata na mke, na badala ya kuniandikia mimi akamwandikia baba yake. Mzee akaja nyumbani, akaketi kwenye kochi langu, akanieleza kwa sauti ya mwalimu darasani kwamba nimeachwa na kwamba mambo haya hutokea. Kisha akamaliza chai yake. Hilo ndilo lililonikaa rohoni. Kikombe kizima, na mwisho akakiinamisha kidogo kuangalia kama kimebaki kitu.

Nimemwambia Meneja kwamba mimi na mzee huyo hatuivi chungu kimoja. Akasema ndiyo vizuri, redio inapenda moto.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimemwambia Chiriku kwamba babu yake atakuwa anakuja kituoni kwetu. Akasema, "Najua." Sikuuliza amejuaje.

Alhamisi, 6 Machi

Kipindi cha kwanza. Alifika mapema, koti limepigwa pasi, mwavuli unatiririka maji kwenye sakafu yangu. Akaniita Mama Chiriku, kama zamani. Nikamwita Daktari. Aliisikia tofauti, akaimeza.

Mimi hukaa nyuma ya kioo, kwenye mitambo. Anayezungumza na wageni ni mtangazaji wetu, kijana tunayemwita Asali kwa ajili ya sauti yake. Kichwani hamna mengi, lakini ukimsikia akisoma hata bei ya saruji unatamani akuoe.

Humu nitasema kweli, maana hakuna mwingine anayesoma: Mzee anajua kuongea. Alisema jua letu ni moja tu kati ya mabilioni ya nyota zilizokusanyika pamoja, na mkusanyiko huo ndio galaksi yetu. Tuseme kwenye sayari moja watu wamejifunza kusafiri. Chombo chao ni kobe kwa vipimo vya huko, kinachukua mamia ya miaka kuifikia nyota ya jirani. Wanashuka, wanajenga, wanazaa, wanasahau uchovu, kisha wajukuu wao wanatuma vyombo viwili mbele zaidi. Kila makazi yanazaa makazi mengine mawili. Polepole hivyo hivyo, ndani ya miaka milioni hamsini wameijaza galaksi yote.

Asali akasema hiyo ni miaka mingi mno. Mzee akamwambia achukue umri mzima wa galaksi aufanye siku moja. Kuijaza yote kungechukua dakika saba hivi, muda wa taarifa fupi ya habari.

"Sasa siku inaelekea kuisha," akasema. "Sisi tumekaa mlangoni tangu tulipoamka. Kwa nini hakuna aliyepiga hodi?"

Simu zote zikawaka. Nikazidi kumchukia.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Paa la studio limeanza kulia.

Alhamisi, 13 Machi

Jibu la kwanza la Mzee: hawakupiga hodi kwa sababu hawapo. Sisi ndio wa kwanza, au ndio pekee.

Muuza mabati mmoja akapiga simu kulalamika kwamba watu wanalala na ndoo chumbani na sisi tunatangaza nyota. Mzee akamjibu kwa adabu kwamba na yeye ana ndoo chumbani, na kwamba sauti yake humsaidia kufikiri. Muuza mabati akasema basi ndiyo maana anafikiri upuuzi. Asali akacheka hewani. Mimi nilicheka nyuma ya kioo, na nikahakikisha Mzee ananiona.

Baadaye Meneja akamtaka adokeze, kadokezo tu, kwamba huenda wameshafika na serikali zinaficha. Mzee akakataa katakata. Ningefurahi akubali. Ningemdharau vizuri.

Alhamisi, 20 Machi

Jibu la pili: kila wanaofikia ujuzi wa kusafiri hufikia kwanza ujuzi wa kuuana, na humalizana nyumbani kabla ya kutoka. Alilieleza kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kugombana na yeyote. Nawajua watu wa aina hiyo. Hawagombani kwa sababu huwa wametuma wengine.

Jumapili, 23 Machi

Binti yangu ana miaka kumi na minane. Amemaliza shule na anangoja matokeo. Jina la Chiriku alilipata mdogo, kwa vile alikuwa haachi kusema tangu akifumbua macho: anasimulia ndoto, anawasimulia wanasesere, anamsimulia mwenye duka hadi mwenye duka anasahau chenji. Siku hizi namwuliza mambo matatu ananijibu moja. Leo nimemkuta amelala chali, visikizio masikioni, anasikiliza marudio ya kipindi cha babu yake.

Nikamwuliza kinamfurahisha nini humo. Akatoa kisikizio kimoja.

"Kwamba huko mbali kuna mahali," akasema.

Nikamwambia babu yake wiki iliyopita alisema hakuna kitu. Akasema hapana, alisema hakuna mtu.

Alhamisi, 27 Machi

Jibu la tatu. Pengine walitoka kweli, wakaenea, lakini kila walipokwenda wakawa wengine. Ukituma salamu kwa nyota ya jirani, jibu linakuja baada ya miaka. Kwa nyota za mbali, hata mjukuu wako hatalipata. Lugha inabadilika, sura zinabadilika. Watu wa nyota ya mwisho wakikutana na wa nyota ya kwanza hawatajuana, na viumbe wenye nguvu wasiojuana hawasalimiani, wanapigana. Kwa hiyo pengine galaksi ilijaa kisha ikajichoma yenyewe, na sisi tumekuja moshi umeshatoka.

Nilimwona Asali ametoa macho. Mimi nilikuwa namfikiria yule mwana wa Mzee. Mara ya mwisho alipopiga simu nilipokea mimi, nikadhani ni mtu wa kuuza bima. Lafudhi imekwenda. Alimtaja binti yake kwa jina la shule, yeye aliyembandika Chiriku.

Alhamisi, 3 Aprili

Ndoo mbili studio, moja chini ya kiti cha mgeni. Jibu la nne: wapo, wengi, wamenyamaza kwa hofu. Anayepiga kelele gizani hajui nani anasikia. Wasikilizaji wamelipenda kuliko yote. Meneja anataka muziki wa kutisha.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Asubuhi dari la studio lilishuka. Halikuanguka, lilishuka tu kama tumbo la mtu aliyeshiba, na fundi umeme akazima kila kitu humo ndani. Mzee alikuwa ameshapiga simu kwamba ana mafua hatakuja. Tukaweka kipindi cha zamani, nami nikarudi nyumbani adhuhuri, saa ambayo hakuna anayenitegemea.

Mlangoni kulikuwa na mwavuli umefunguliwa ukauke. Nilisimama kuutazama. Ningeutambua popote, umekaa kwenye sakafu yangu ya kazini Alhamisi nyingi sasa.

Ndani walikuwa wawili, kwenye meza ya kulia, vichwa vimekaribiana. Mzee hakuwa na mafua. Alikuwa anamwelekeza Chiriku namna ya kujibu maswali ya watu wa uhamiaji: asieleze mengi, ajibu alichoulizwa. Nikamsikia akisema kwamba mama aambiwe viza ikishatoka, si kabla, maana kabla itakuwa vita.

"Ishakuwa," nikasema.

Chiriku alisimama. Mzee hakusimama, alifunga tu kalamu yake. Nikataka kujua nini kinaendelea mezani kwangu. Wakatazamana nani aanze, na kule kutazamana ndiko kulikoniuma kuliko maneno yaliyofuata, kwa sababu ni watu wenye mazoea tu wanaotazamana vile.

Ni hivi. Binti yangu anakwenda kwa baba yake. Atakaa huko, atasoma huko. Jambo limepikwa tangu kabla ya mvua. Babu amefanya kila kitu: ameandikiana na mwanawe, amekwenda na Chiriku ubalozini, siku ambazo mimi naambiwa yuko kwa rafiki anajisomea. Chuo kimekubali. Kilichobaki ni viza, na baada ya hapo kiti kwenye ndege.

Nilisema mengi. Mengine siyaandiki. Nilimwambia Mzee kwamba alikuja mara moja kwenye nyumba hii kuchukua mume, sasa amemrudia mtoto, aangalie vizuri kama kuna kitu amesahau. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa sauti ile ile ya darasani kwamba mtoto ana haki ya kumjua baba yake, na kwamba amefikisha umri wa kujiamulia.

Nikamwambia atoke. Akatoka. Hata kwenye mvua hakukimbia, alifungua mwavuli wake akaondoka kwa mwendo wa mtu anayetoka mazishini kwa watu asiowajua.

Chiriku akasema, "Ningekuambia ungenizuia."

Nikamwambia bila shaka ningemzuia. Akaingia chumbani akafunga mlango. Hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Ijumaa, 11 Aprili

Hatusemezani. Mvua inasema peke yake.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemwomba Meneja akiue kipindi. Nikataja dari, nikataja gharama za simu, nikazunguka weee. Akanipa takwimu za wasikilizaji. Hata muuza mabati anawakusanya wenzake dukani wasikilize pamoja wapate kumtukana Mzee kwa sauti moja. Akaniambia yaliyo ya nyumbani niyaache nyumbani. Nikasema yeye ndiye aliyeyaleta kazini.

Alhamisi, 17 Aprili

Mzee amekuja. Hatukusalimiana. Jibu la tano, sikulisikia.

Jumatatu, 21 Aprili

Viza imetoka. Aliniambia akiwa anafunga viatu, bila kuinua uso. Ataondoka katikati ya mwezi ujao.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo Asali alikuja hana sauti. Mafua ya kweli, si ya kwenye simu. Alifungua kinywa ikatoka sauti ya bawaba. Meneja akazunguka korido kutafuta mtu, na mtu mwingine hakuwepo. Akasema ingia wewe.

Nikatoka nyuma ya kioo, nikaketi mbele ya Mzee, ndoo katikati yetu. Taa nyekundu ikawaka.

Nilianza kistaarabu. Nikawakumbusha wasikilizaji tulikotoka: makazi yanayozaa makazi, galaksi inayojaa. Yeye akaanza kutulia. Ndipo nikamwuliza.

"Daktari, katika hesabu zako, hao wanaoondoka, wangapi wanarudi?"

Kwenye redio ukimya ni mkosi, unahesabu kichwani na mgongo unatoka jasho. Mimi sikutoka jasho. Niliuacha uwe.

"Hakuna," akasema mwishowe. "Sikuweka safari za kurudi."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema hesabu ingekuwa ngumu mno. Anayetaka kujua galaksi inajaa lini anatazama mbele tu.

Nikamwuliza, na wale waliobaki kwenye sayari ya kwanza, waliowafunga mizigo hao wasafiri, hesabu inawafanyaje. Akasema hesabu inawahesabu mara moja, mwanzoni.

"Halafu?"

"Halafu basi."

Nikasema kumbe ndivyo hesabu yenyewe ilivyo. Nikaiweka kama nyama mezani, kila mtu aitazame. Simu zililia mpaka taarifa ya habari. Mwanamke mmoja alisema tu, bila kujitambulisha, kwamba ana watoto wanne na wote wako nje, na akakata. Muuza mabati alipiga kunipongeza mimi.

Mzee alitoka bila mwavuli wake. Nilimwona dirishani akivuka uwanja, maji yanamshukia kichwani, na nilifurahi. Naandika tena: nilifurahi.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Kipindi cha zamani. Mvua.

Alhamisi, 8 Mei

Alikuja mapema sana, kabla hata ya Asali. Alinikuta kwenye korido namwaga ndoo. Amepungua uso. Akasema ana neno, dakika moja, si la kipindi.

Alisema Januari Chiriku alikwenda kwake peke yake, akauliza swali moja: baba bado ananikumbuka? Akamjibu ndiyo, sana, anakutaka uende. Akasema, ningemjibu nini kingine. Kisha akakaa akamwandikia mwanawe ili jibu lile liwe kweli.

Mwanawe akakataa. Nyumba ndogo, mke hataki, watoto wale wengine hawajui kwamba wana dada. Mzee akaandika tena. Akakataa tena, mara hii kwa mistari miwili. Ndipo Mzee akampigia simu akamwambia asipompokea mtoto, atakwenda yeye mwenyewe kuishi kwake mpaka afe, na mipango ya mazishi ataianzia sebuleni. Mwanawe akasema haya, aje, lakini asitegemee mengi kutoka kwangu.

"Kwa hiyo baba yake hamtaki," nikasema.

"Hamtaki," akasema. "Mtoto hajui."

Nikamwuliza kwa nini ananiambia mimi, na sasa. Akasema tangu nimwulize lile swali hewani hapati usingizi. Zamani alikuwa na hakika kwamba kutoka ni kuzuri, kokote, kwa vyovyote. Sasa hana. Akasema, "Sasa unajua. Ukimwambia hataondoka. Fanya utakavyoona."

Nimepigwa na mengi katika maisha yangu lakini hili sikulitegemea. Nilidhani anakuja kuomba radhi. Kumbe alikuja kunitwika. Amevuruga, ameogopa, na ameniletea mimi kisu kwa upande wa mpini, akijua ninavyokitamani. Nilimwambia yeye ni mwoga. Hakubisha. Kisha akaingia studio akaongea saa nzima kuhusu nyota zilizozimika.

Ijumaa, 9 Mei

Sijamwambia. Mvua.

Jumamosi, 10 Mei

Sijamwambia. Amenunua sanduku la rangi ya machungwa, analifungua na kulifunga.

Jumapili, 11 Mei

Nilifika hadi mlangoni kwake. Alikuwa anajifunza kusema "habari za asubuhi" kwa lugha ya kule, anajaribu sauti tofauti. Nikarudi.

Jumanne, 13 Mei

Leo yametokea.

Tulikuwa jikoni, mimi naosha vyombo, yeye anafuta. Nikamwambia sweta lile ni jepesi kwa baridi ya kule. Kitu kidogo kama hicho. Akatupa kitambaa. Akasema kila anachokichagua nakitia kasoro, sweta, chuo, baba, kila kitu. Nikamjibu ninamjua baba yake kuliko yeye. Akasema ninamjua wa zamani.

Kisha akaniambia, polepole, kama mtu aliyelikariri, "Unajua kinachokuuma, mama? Kwamba ananitaka. Ungependa nisitakiwe popote, ila hapa kwako tu."

Neno lilikuwa mdomoni. Silitilii chumvi, nililisikia ladha yake. Sentensi moja fupi, na sanduku la machungwa lingerudi dukani. Nilimtazama. Alikuwa anatetemeka kidevu kama alipokuwa na miaka mitano na amevunja kitu. Hakuwa anabishana nami. Alikuwa ananiuliza. Swali lile lile alilokwenda nalo kwa babu yake, ila mara hii amelivika hasira.

Na nikaona yatakayofuata. Angebaki. Angekaa chumba kile, mbele yangu, mtu anayejua kwamba baba yake alikataa mara mbili. Ningekuwa nimeshinda, na ningemtazama ushindi wangu kila asubuhi akinywa chai.

"Ndiyo," nikasema. "Anakutaka. Hilo ndilo linaloniuma."

Alinikumbatia nikiwa na povu mikononi. Nimewahi kusema uongo, kazi yangu yenyewe ni redio, lakini mkubwa kama huu sijawahi kuusema, na niliusema huku nashika sufuria.

Namchukia Mzee kuliko jana. Jana nilikuwa simwelewi.

Alhamisi, 15 Mei

Nilimwambia Mzee kwa kifupi, mlangoni, kwamba mtoto anaondoka na hajui kitu. Akataka kunishukuru. Nikamwambia akinishukuru nitamtupia ndoo.

Jumamosi, 17 Mei

Ameondoka. Ndege ya mchana.

Mzee alikuja uwanjani na koti lake. Akasimama mbali nasi kidogo, kama mtu anayengoja ndege nyingine, mpaka Chiriku mwenyewe akaenda akamshika mkono akamleta. Aliongea njia nzima, Chiriku, aliongea bila kumeza mate: chakula cha kwenye ndege, dirisha, atakavyonitumia picha, namna ya kule kuvuka barabara. Sikuwa nimemsikia hivyo kwa miaka. Nikafikiri, basi hii ndiyo sauti, imerudi siku ya kwenda.

Alipopita kizuizi hakugeuka. Alikuwa anamsimulia kitu askari wa ukaguzi, na askari anacheka.

Mzee aliniuliza kama anirudishe. Nikakataa. Nilisimama kwenye mvua kungoja teksi, naye akasimama kwenye mvua kungoja nipate teksi.

Jumapili, 18 Mei

Amepiga. Amefika salama. Baridi kweli, nilisema kweli kuhusu sweta.

Nikamwuliza nani alimpokea. Akasema baba hakuweza kuja. Kulikuwa na dereva ameshika kibao chenye jina lake. Wamelikosea, wameruka herufi, alipita mara mbili mbele yake bila kujua kwamba ni yeye anayengojwa.

"Atakuwa kazini," nikasema. "Huko watu hawapewi ruhusa hovyo."

Akasema hata yeye alifikiri hivyo. Nikamweleza kwamba barabara za kule nasikia hujaa, na wenye kazi kama ya baba yake hawana Jumapili. Nilikuwa namtetea mtu yule kwa bidii, kwa mifano, kama wakili aliyelipwa. Akasema atapiga Jumapili ijayo, saa kumi za huku.

Baada ya kukata sikuwa na wa kumwambia. Ndiyo ubaya wenyewe. Yupo mtu mmoja tu duniani anayelijua jambo hili, na ni Mzee.

Sikumpigia.

Alhamisi, 22 Mei

Kipindi cha mwisho cha mfululizo huu. Mvua imekatika tangu jana, dari limekauka, limebaki na ramani ya kahawia.

Aliniuliza kwenye korido nani alimpokea mtoto. Nikamwambia yote. Dereva, kibao, herufi iliyorukwa. Nilitaka limpate, na lilimpata. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Hewani Asali, sauti imerudi, alimsomea swali la msikilizaji. Ikiwa siku moja sisi ndio tutakaokuwa wa kwanza, tumeweza kutuma chombo kwenye nyota ya jirani na watu ndani yake, Daktari angekubali kiende? Ni swali alilolingoja maisha yake yote. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye muziki wa kumalizia, nikijua atasema ndiyo na ataisema vizuri.

Akasema angetaka kwanza kujua nani atawapokea.

Asali akacheka. Akasema, lakini Daktari, huko hakuna mtu, si ndiyo maana ya kwenda.

"Basi wasiende," akasema Mzee.

Asali akanitazama kupitia kioo, anaomba muziki kwa macho. Sikuweka. Niliuacha ukimya ukapita kwenye maduka yote, jikoni zote, kwa yule mwanamke wa watoto wanne. Meneja alikuja mbio, ndipo nikabonyeza.

Baadaye nilimkuta Mzee nje, kwenye ngazi, jua linamchoma na mwavuli mkononi. Nikamwambia sijamsamehe. Akasema hakuomba. Nikamwambia mtoto atapiga Jumapili saa kumi, akitaka kusikia sauti yake aje, lakini asizungumze habari za nyota kwenye nyumba yangu.

Jumapili, 25 Mei

Mzee alikuja saa tisa na nusu, amenyoa. Niliweka simu katikati ya meza. Saa kumi ilifika ikapita. Saa kumi na moja alisema huenda mtandao. Nikasema huenda. Tukajaribu kupiga sisi, ikaita mpaka ikakatika. Nje watoto wa jirani walikuwa wanacheza kwenye barabara iliyokauka, na hatukuwasha taa.

Giza lilipoingia aliinuka akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu. Nilimwambia akae, kuna chakula.

Akakaa.